Neno "Kucharo" na Moto wa Changamwe

Vijana wangu wa zimamoto,

Mwezi uliopita mlinialika kituoni kuwaona wenzenu waliomaliza mafunzo. Mlinipa kiti cha mbele, mkaniletea soda, na mwalimu wenu akawasha mtungi wa gesi uwanjani ili watu waonyeshe walichojifunza. Binti mmoja akaushika mpira akaelekeza maji moja kwa moja kwenye mwali. Mwalimu akapiga kelele: "Wee! Usicharo!" Mkacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka.

Baadaye akanijia pale nilipokaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, hili neno kucharo limetoka wapi? Wenzangu wanasema ni Kiingereza."

Nikamwambia, "Ni neno la zamani tu." Kisha nikainamia soda yangu.

Kucharo, kama mnavyofundishwa, ni kuuzima mwali wa gesi kabla ya kufunga koki. Maana hiyo mnaijua nyote. Msilolijua ni kwamba Charo alikuwa mtu. Tulilala bweni moja, tulikula sufuria moja, na nilimwona akifanya kazi hii kwa miaka kadhaa. Katika maisha yake Charo hakucharo hata mara moja.

Nilipaswa kumjibu hivyo yule binti. Namjibu sasa, naye nawaomba mumsomee.

Niliingia kazini wakati vita vya Wazungu vinakaribia kwisha. Mimi ni mtoto wa Frere Town, nyumba ya kanisa, na nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo siku zile lilimfanya mtu atembee kifua mbele kama jogoo. Kituo chetu kilikuwa kisiwani, lakini moto mwingi ulikuwa bara. Kwenda Likoni tulingoja kivuko. Kwenda Kisauni tulipita daraja la Nyali, lile la zamani lililoelea juu ya maji, na dereva wetu Salim alitushusha sote ili gari liwe jepesi. Fikirieni: moto unawaka ng'ambo, na wazimamoto wanavuka daraja kwa miguu nyuma ya gari lao wenyewe. Watoto walituimbia. Mara nyingi tulifika tukakuta majivu na watu wanatupa pole, sisi tuliokuja kuwapa pole wao.

Salim alikuwa na mzaha mmoja aliourudia kila kengele ilipolia. Charo alikuwa Mgiriama, na kwa Kigiriama charo ni safari. Basi Salim akiwasha injini huuliza, "Haya Charo, charo ya wapi leo?" Naye Charo hujibu, "Ya kwenda na kurudi, bwana. Usinipeleke ya kwenda tu."

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Mwakio, Mtaita, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Hakujua kusoma. Aliniita "mwanangu", na nilipokosea aliniita "mwanafunzi". Siku yangu ya kwanza Kisauni niliona paa la makuti linawaka, nikalimwagia maji kwa bidii zangu zote. Nilipoinua uso, paa la jirani lilikuwa limeshika, na la tatu linafuka moshi.

"Mwanafunzi," akasema, "hilo la kwanza limeshakwenda. Ungetazama moto unaelekea wapi."

Nililishika neno hilo kwa makuti. Sikulishika kwa gesi.

Mitungi ya gesi ya kimiminika tulikuwa hatujaizoea. Majumbani haikuwamo. Watu walipikia kuni na makaa. Iliyofika kwetu ilikuja baada ya vita, pamoja na wafanyabiashara walionunua magari mabovu ya jeshi ili kuyakatakata na kuuza chuma. Mafundi walikata kwa moto wa gesi. Wao, na sisi, na kila mtu, tuliita kitu chochote kilichoshindiliwa ndani ya chuma "upepo". Upepo wa tairi, upepo wa baiskeli, mtungi wa upepo. Neno moja kwa vitu ambavyo havifanani hata kidogo.

Mzee Mwakio ndiye pekee aliyeijua. Alikuwa jeshini, na huko aliona jiko la wapishi likilipuka baada ya askari mmoja kuzima mwali uliokuwa ukitoka kwenye mtungi. Alitusimulia asubuhi moja tukisugua shaba za mipira.

"Mkikuta mtungi unawakia kwenye koki na koki haifungiki, uacheni uwake. Upozeni kwa maji. Ondoeni watu. Gesi inayowaka mnaiona ilipo. Mkizima, itaendelea kutoka, na hamtajua imekwenda kwa nani."

Charo akauliza, "Na watu wakitucheka, Mzee?"

"Wacheke."

Mimi nilikuwa nimeshika kitabu chetu cha mafunzo cha Kiingereza, ambacho katika kikosi cha Waafrika nilikuwa nakisoma peke yangu. Kilikuwa na sura ya mafuta, sura ya pamba, sura ya meli. Sura ya mitungi hiyo haikuwemo. Nikajisemea moyoni kwamba hizo ni hadithi za jikoni jeshini. Sikutamka, lakini nadhani alinisoma usoni, maana uso aliweza kuusoma.

Siku yenyewe Mzee alikuwa Likoni na gari la pili. Mkubwa wetu Mzungu akaniita na kuniambia, Elia, leo wewe ndiye msimamizi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Saa nane za mchana simu ikalia kutoka Changamwe: yadi ya chuma chakavu, karibu na reli, mtungi wa upepo unawaka.

"Haya Charo, charo ya wapi leo?" akauliza Salim.

"Changamwe, kwenda na kurudi."

Tulivuka njia ya Makupa kuingia bara, mbio. Yadi ilikuwa juu ya kilima kidogo. Mtungi mmoja mkubwa ulisimama katikati ya mabodi ya malori, na kwenye koki mwali ulitoka ukinguruma, bluu chini na njano juu, urefu wa mtu aliyeinua mikono. Mitungi mingine miwili ilikuwa hatua chache kando. Fundi mwenyewe, Okelo, alikuwa amekaa chini akipuliza vidole vyake vilivyoungua.

"Koki imepinda," akasema. "Nimejaribu. Haigeuki."

Katika mpangilio wetu, anayeshika mdomo wa mpira anaitwa Namba Moja. Siku ile Namba Moja alikuwa Charo. Alikwenda akasimama upande unakotoka upepo, akaanza kuumwagilia mtungi maji mabegani, kisha ile miwili, kisha kuurudia. Maji yalipogusa sehemu ya juu yalichemka yakawa mvuke. Ya chini yalitiririka tu. Kila kitu alikifanya kama Mzee alivyosema. Mwali hakuugusa.

Watu walikuwa wamejaa: wafanyakazi wa reli, vibarua, akina mama wenye vikapu. Dakika zikapita. Moto bado unawaka, na sisi tunamwagia chuma maji. Mtu mmoja akapaza sauti:

"Jamani, faya wamekuja kuota moto!"

"Waleteeni mihogo wachome!"

"Nyie, moto uko juu, mnaosha nini huko chini?"

Kicheko kilinipanda kichwani. Nikamwendea Charo.

"Zima mwali."

"Elia, Mzee alisema tuuache."

"Mzee hayupo. Zima."

"Koki haijafungwa, ndugu yangu. Tuondoe watu kwanza, kisha tusubiri uishe. Utaisha wenyewe."

"Zimamoto gani wanaosubiri moto uishe wenyewe?"

Akanitazama, akatikisa kichwa. Basi nikaupokonya mpira mikononi mwake. Nayaandika haya polepole ili nisije nikaruka neno: niliupokonya. Nikausogelea mwali kwa maji yenye nguvu, nikaukata kwenye koki, ukafa.

Watu wakapiga makofi. Nakumbuka nilitabasamu.

Makofi yalipokwisha nikasikia mlio. Fyuuu, bila kukoma. Nikawaza: ni upepo, na upepo wa bahari unavuma, utaupeperusha. Hilo ndilo neno lililonidanganya. Nilidhani kinachoitwa upepo kitaruka kama upepo. Gesi ile ni nzito. Ilianguka chini ya mtungi kama ukungu mweupe, ikalaza majani, ikatafuta mteremko kama maji yanavyoutafuta. Ukungu ulipotea macho baada ya hatua chache, lakini gesi yenyewe haikupotea. Pua nayo haikunisaidia. Nilisikia harufu ya grisi na mpira ulioungua tu.

Charo alielewa kabla yangu.

"Elia, inashuka mtaroni!"

Mtaro ulipita chini ya ukuta wa yadi hadi barabarani, na mwisho wake, chini ya kibanda cha makuti, Bi Kadzo alikuwa na jiko lake la makaa akichemsha mihogo ya wafanyakazi wa reli. Sote tulikula kwake. Charo alishuka mbio sambamba na kitu ambacho hakuweza kukiona.

"Bi Kadzo! Toka! Acha jiko, toka!"

"Una nini leo, mwanangu? Mihogo haijaiva!"

"Toka, mama!"

Nilisikia kila neno nikiwa juu na mpira mkononi. Charo akambeba yule mama kiunoni kama gunia, akamrusha juu ya ukingo wa barabara. Yeye alikuwa bado ndani ya mtaro.

Mnaweza kudhani ulikuwa mlipuko mkubwa. Ulikuwa mlio mmoja, huff, kama mtu anayekung'uta shuka. Mtaro wote ukawaka kwa mara moja kutoka jikoni hadi yadini, na moto ukapanda mteremko, ukanipita miguuni, ukarudi kwenye koki palepale. Ukasimama ukinguruma, bluu chini na njano juu, kama ulivyokuwa kabla sijaugusa.

Salim na fundi Okelo walimtoa Charo mtaroni wakamkimbiza hospitali kwa lori la yadi. Mimi nilibaki na mtungi. Niliumwagilia maji mabegani, nikauacha uwake, na kabla ya magharibi ukaisha wenyewe.

Charo aliishi siku tatu. Bi Kadzo aliungua mikono, akapona. Siku ya pili nilikwenda hospitali, Charo amefungwa bendeji hadi machoni.

"Ni Elia?"

"Ni mimi."

"Mwambie Bi Kadzo mihogo yake sasa imeiva."

Sikuweza kucheka. Kisha akauliza, "Mzee umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie tu. Hatakula wewe."

Sikumwambia. Mkubwa wetu alitaka ripoti, na mwandishi wa ripoti alikuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyejua Kiingereza. Swali lilikuwa: nani aliuzima mwali? Nilikaa na kalamu muda mrefu. Kisha nikaandika kwamba Namba Moja aliuzima mwali kabla ya koki kufungwa. Aliyeshika mdomo wa mpira ndiye Namba Moja, na wakati ule aliyeushika nilikuwa mimi. Kwa hiyo nilijiambia kwamba sikusema uongo. Lakini kwenye orodha ya zamu iliyobanwa nyuma ya karatasi ile, mbele ya Namba Moja lilikuwa jina la Charo, na nilijua mkubwa angesoma wapi. Salim alikuwa kwenye pampu nyuma ya gari, hakuona. Umati na fundi Okelo waliona mtu mwenye kofia ya shaba. Sote tulivaa kofia za shaba. Na Charo tulikuwa tumemzika.

Mzee Mwakio alipoelezwa, alikuja bwenini akasimama mlangoni.

"Charo ndiye aliyezima?"

"Ndivyo ripoti inavyosema, Mzee."

"Sijauliza ripoti."

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Charo alinisikia siku ile," akasema. "Hata swali aliniuliza." Akanitazama, kisha akasema, "Haya, Bwana Elia."

Tangu siku hiyo hadi alipostaafu akarudi kwao Taita, hakuniita tena mwanangu, wala mwanafunzi. Aliniita Bwana Elia, kwa heshima zote. Naye Salim, injini ilipowaka, hakuuliza tena charo ya wapi.

Mkubwa wetu aliichukua ripoti ile akaifanya somo. Kila kundi jipya lilielezwa kosa la Charo wa Changamwe. Baada ya muda likawa kosa la Charo. Baada ya muda zaidi vijana wakalifupisha kama wanavyofupisha kila kitu: usicharo. Mimi nikapandishwa cheo, nikawa mwalimu wa mafunzo, na sauti iliyolipigia kelele neno hilo kwa nguvu kuliko zote uwanjani ilikuwa yangu. Mwalimu wenu wa leo alilipata kwa mwalimu aliyelipata kwangu.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi, maana sitaki mbaki na huzuni yangu tu. Mkifika penye gesi, simameni upande unakotoka upepo, na mahali pa juu. Msimwamini anayewaambia kwa simu ni mtungi wa nini. Muulizeni unatumika kwa kazi gani. Tazameni ardhi kabla ya kutazama mwali: mtaro, shimo, kisima, ghorofa ya chini, mlango ulio wazi. Huko ndiko itakakokwenda. Jiko lililo mbali sana kwa moto wa kuni liko karibu sana kwa gesi. Msiwashe gari lililokuwa limezimwa. Mtungi uliosimama msiulaze, maana kimiminika chenyewe kitatoka, na kikigusa ngozi kinaunguza kwa baridi. Maji yapelekeni kwenye sehemu ya juu inayoyachemsha, kwa mbali, mkiwa mmejikinga. Uliolala chini msisimame mbele ya ncha zake. Na mkisikia mlio wake unapanda kutoka ngurumo kuwa filimbi, acheni mpira palepale na mkimbie. Mpira utanunuliwa mwingine. Kama koki inafungika, ifungeni, na mwali utakufa wenyewe. Kama haifungiki, mnajua.

Na umati utawacheka. Sijapata dawa ya hilo. Charo alichekwa kama mimi, dakika zilezile, na mikono yake haikutikisika.

Baada ya ile sherehe yenu sikulala vizuri. Nikaulizia, nikaambiwa binti yake Charo anaishi Mtopanga. Anaitwa Sidi, na sasa yeye mwenyewe ni bibi. Alikuwa mtoto wa mgongoni siku ile. Nikaenda, akanikaribisha kiti na maji. Nikamweleza yote, tangu mpira hadi karatasi. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, na mikono yake haikuacha kuchagua mpaka nilipomaliza.

"Abee," akasema mwishowe, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Kisha: "Mama alikufa akiamini baba alifanya ujinga kazini. Bi Kadzo alikuwa akija kumwambia, mumeo aliniokoa, na mama humjibu, angeanza kwa kutousababisha moto huo."

Nikamwomba msamaha.

"Wangu unaweza kuupata, baba. Sijui leo, lakini unaweza. Ila mimi hilo neno sijawahi kulisema. Wanaolisema ni wale wa kituoni. Wa kuambiwa kwanza ni wao, si mimi."

Nikamwambia nitawaandikia ili mliache.

Akauweka ungo chini. "Kwa nini waliache? Charo kwetu ni safari. Baba hakuzima kitu, alikwenda. Waambie kucharo ni kwenda."

Kwa hiyo, vijana, nawaandikia kama nilivyotumwa. Kosa lile lina mwenyewe, na jina lake ni Elia. Litumieni mkitaka, au liacheni bila jina. Lakini siku mtakayofika penye mtungi unaotoa gesi, na watu wamejaa, na chini ya mteremko kuna mtu na jiko lake ambaye hajui kinachomjia, msimamizi wenu asianze na mpira. Aanze kwa kuuliza: nani anacharo?

Na mmoja wenu aitike, atangulie mbele ya gesi, ashuke.